Alama za Malezi

Kila Jumatatu, bendera ikishapanda na wimbo wa taifa ukishaisha, wanafunzi wa shule moja ya Nyalukemba, mjini Bukavu, hubaki kwenye mistari ili mkuu wa nidhamu awakague. Shule yenyewe hatutaitaja, maana majina yameleta taabu ya kutosha katika habari hii. Mkuu wa nidhamu aliitwa Bwana Stanislas, mtu mwembamba mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi yanasimama yenyewe. Alikagua kucha, akakagua soksi, akapenyeza kalamu kwenye nywele za wasichana kuona kama zimeongezwa. Kwa wavulana alitazama mkanda na upana wa suruali. Kazi hiyo aliifanya bila haraka, kama mama anayechambua maharage.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano aliwaamuru wote wakunje mikono ya mashati, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kule mtaani Nyawera kuna kijana anachora watu ngozini kwa wino.

Kijana huyo alikuwepo kweli. Aliitwa Héritier, na alifanyia kazi nyuma ya kibanda cha kuchaji simu, karibu na mahali pikipiki zinaposubiri abiria, kwa mashine aliyoiunda kutokana na mota ya kinyoleo. Wavulana walimwendea kutaka simba, msalaba, au jina la kaka aliyekufa. Wasichana walitaka kipepeo mahali ambapo macho ya baba hayafiki. Waliokosa ujasiri walibandika picha zinazokuja na chingamu, wakawa wanaoga kwa uangalifu zisitoke. Kwa vijana wale mwili ulikuwa kama nyumba ya kupanga: unaishi humo, lakini ukitaka kupigilia msumari ukutani sharti umuulize mwenye nyumba. Kwa Héritier hakuna aliyekuja na ruhusa.

Bwana Stanislas alipofika kwa Faida, msichana wa mwaka wa sita, alisimama. Juu ya mkono wa kushoto, upande wa ndani, kulikuwa na herufi tano za wino mweusi.

"Hii ni nini?"

"Ni jina, Monsieur."

Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua. Halikutoka.

"Jina ya nani?"

"Yangu."

Bwana Stanislas alikuwa na dawa ya kila kosa. Jina la mvulana, mzazi anaitwa. Nyoka au fuvu, mtoto anapelekwa kwa padri. Lakini jina la mwanafunzi mwenyewe juu ya mkono wake mwenyewe halikuwa popote katika kanuni za shule, na kitu kisichokuwamo katika kanuni kilimsumbua kuliko dhambi. Hata Héritier alikuwa amesita siku ya kulichora, akamuuliza Faida, "Unaogopa utaisahau?" Faida alimwambia achore tu.

Siku hiyohiyo wazazi waliitwa. Alikuja baba, Papa Anaclet, fundi wa friji na mwimbaji wa besi katika kwaya ya parokia. Alikuja mama, Maman Rosette, aliyefunga meza yake ya vitenge sokoni kabla ya wakati. Akaja pia shangazi, Adélaïde, ambaye hakuitwa na mtu, lakini katika ukoo ule hakukuwa na kikao kilichowahi kumkosa. Wote walikaa mbele ya meza ya Bwana Stanislas, na Faida akasimama katikati na mkono wake umenyooshwa ili kila mtu aone vizuri kinachozungumziwa.

"Mwili yako haiko yako," alisema Papa Anaclet. "Iko ya Mungu. Na Mungu alinikabizi miye njo niichunge."

"Akishavaa uniforme ya bleu-blanc, Papa, mwili iko ya masomo," alisahihisha Bwana Stanislas kwa adabu. "Mupaka saa saba."

"Iko ya famille," alisema shangazi Adélaïde. "Bakwe bataleta ngombe hapa, bakute mutoto bamemuandika sawa mufuko ya simenti? Hii ni mambo ya bapagani."

Maman Rosette aliushika ule mkono, akautazama.

"Iliuma?"

"Kidogo, maman."

Wazazi na walimu waliwahi kubishana juu ya mambo mengi katika ofisi ile, ila hawakuwahi kukubaliana haraka namna hii: mwili ulikuwa wa kila mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti. Bwana Stanislas akafunga mazungumzo. Mtihani wa serikali ulikuwa karibu. Kama jina lile halitatoka, yeye atamtoa Faida miongoni mwa watahiniwa, na mwaka utakuwa umekwenda na maji.

Hapo Faida aliogopa kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mjomba Lubumbashi aliyemwahidi nafasi ya kulala endapo atapata diploma, na kwa miezi mingi hakuwa akiwaza kitu kingine chochote. Alitaka kusoma ufamasia, lakini kabla ya ufamasia alitaka umbali. Alitaka asipande tena ngazi za shule ile zinazoelekea kwenye maabara.

Asubuhi ya kesho yake alikuwa anaoga alipokuta maandishi kifuani. Hayakuwa ya wino. Yalikuwa yameinuka kidogo, rangi ya kahawia, kama alama ambazo mkeka huacha kwenye shavu la aliyelala. Pale ambapo utotoni alichanjwa ndasago, chale za dawa, na kupakwa majivu, ili asipate ugonjwa ambao baadaye aliupata, paliandikwa Adélaïde, jina juu ya kila chale. Kwenye ndewe za masikio paliandikwa Rosette, kwa herufi ndogo sana. Begani, kwenye kovu la sindano, paliandikwa Lucie, na ilimchukua mama muda kukumbuka kwamba ndiye muuguzi aliyemdunga akiwa mchanga. Nyuma ya miguu, mahali ambapo mkanda hupenda kufika, paliandikwa Anaclet, Anaclet, Anaclet, majina yamepandana hadi mengine hayasomeki.

Papa Anaclet aliyasoma, akamwambia akaushe miguu vizuri kabla ya kuvaa soksi. Faida akanywa chai, akaenda shule.

Shuleni wote walikuwa nayo. Kila mahali ambapo mtu alikuwa ameacha alama juu ya mwili wa mtoto, jina la mtu huyo lilikuwa limejitokeza, limeandikwa vizuri, bila kosa. Wakati wa mapumziko vijana walikunja mashati na kulinganisha. Gentil, aliyekuwa mtukutu kuliko wote, alikuwa na Stanislas kwenye viganja vyote viwili na, kama alivyodai mwenyewe, mahali pengine ambapo angewaonyesha marafiki tu. Wale ambao hawakuwahi kuchapwa walionekana washamba, na mmoja wao alikamatwa akijiandikia jina la baba yake kwa kalamu. Bijou, rafiki wa Faida, alikuwa na jina la dada wa mama yake kwenye mashavu yote mawili, na chini yake jina la krimu ya kung'arisha ngozi ambayo huyo mama mdogo amekuwa akimpaka tangu akiwa na miaka kumi. Mvulana mmoja aliyehamia kutoka upande wa Kalehe alikuwa na jina la mwanajeshi kwenye paja, pamoja na cheo chake. Hilo hakuna aliyelisoma kwa sauti.

Bwana Stanislas naye hakusalimika. Mgongoni alikuwa na jina la bruda mmoja wa Kibelgiji aliyemfundisha Kilatini zamani. Alilitaja mbele ya walimu wenzake kwa heshima kubwa, akasema bila yule mzungu asingefika alipofika. Kisha akarudi kwenye ukaguzi wa soksi.

Kwenye bomba la maji, nyuma ya vyoo, Bijou aliinua kola ya Faida ili amfute vumbi, akaacha kufuta.

"Kuko nini?" aliuliza Faida.

"Kuko jina nyuma ya shingo."

"Soma."

"Blanchard."

Bijou akageuka, akashusha kola yake mwenyewe, na Faida akasoma jina lilelile, shingoni na kwenye mabega mawili.

Bwana Blanchard alikuwa mwalimu wa fizikia. Alikuwa kijana, alivaa viatu vyeupe ambavyo matope ya Bukavu hayakuvigusa, na wazazi walimpenda kwa sababu alijitolea. Alikuwa na desturi ya kuwabakiza wasichana kwenye maabara kumalizia majaribio. Kufikia mwisho wa wiki wasichana wa mwaka wa sita walikuwa wamesomana wote kwenye bomba lile. Kila mmoja alikuwa amedhani yuko peke yake, na kila mmoja alikuwa amejilaumu kwa namna yake, huyu kwa sketi, yule kwa kicheko. Faida aliona haya, akaona na hasira, na hasira ikawa kubwa kuliko haya. Tangu muhula wa pili alikuwa ameubeba mwili wake kama kitu cha kuazima ambacho mwenyewe atakuja kukidai. Ndiyo maana alikwenda Nyawera. Alitaka iwepo angalau sehemu moja, hata ndogo, ambayo mtu akiitazama atajua ni ya nani.

Jambo hilo lilifika kwenye kamati ya wazazi, kwa kuwa hakuna jambo Bukavu lisilofika kwenye kamati. Walikutana Jumamosi katika darasa la mwaka wa kwanza, wamekaa kwenye madawati ya watoto na magoti yamewafika kidevuni. Jua lilikuwa kali, lakini akina mama wengi walikuja na mikono mirefu na hakuna aliyeuliza sababu. Bwana Blanchard alikaa mbele, pamoja na wawakilishi wa walimu. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria, Maître Guy, mtu aliyeweza kutenganisha kitu chochote na kitu kingine chochote.

"Ba papa na ba maman, tusichanganye," alisema. "Kuko alama ya malezi, na kuko tatouage. Alama ya malezi inawekwaka na mukubwa mwenye iko na autorité juu ya mutoto. Tatouage, mutoto anajiweka yee mwenyewe. Ya kwanza iko normal. Ya pili ni désordre, ni fujo."

Watu wakapiga makofi. Shangazi Adélaïde, ambaye hakuwa na mtoto katika shule ile, alipiga kwa muda mrefu kuliko wengine. Mzee mmoja nyuma akasema samaki mkunje angali mbichi, na ikaonekana kwamba kila aliyekuwepo alikuwa amekunja samaki wake kwa nia njema. Majina yote kwenye miili yote yalipita kwenye kipimo kile cha Maître Guy: baba alikuwa na mamlaka, shangazi alikuwa nayo, bruda alikuwa nayo, hata mwanajeshi, kwa maana fulani. Jina lililobaki nje lilikuwa moja tu, Faida, na mwenye jina hilo alikuwa amekaa dirishani akiwasikiliza.

Maman Rosette akasimama. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Na ile ya Blanchard? Iko mu chapitre gani?"

Bwana Blanchard akainuka bila haraka, akafunga kifungo cha koti.

"Maman, mwalimu akishika mutoto ku bega, ni kumuencourager. Fizikia iko nguvu. Batoto banahitaji moyo."

"Ku shingo?"

"Question yako iko muhimu sana, Maman Rosette," Maître Guy aliingilia. "Kabisa. Tunaiweka mu divers."

Divers ni jambo la mwisho katika kila mkutano wa Bukavu. Ndiko yanakowekwa mambo ambayo kila mtu anayajua. Kabla ya kufika huko walikuwa na suala la sare, kwa sababu wageni kutoka ofisi ya elimu walitarajiwa na haikufaa wawakute watoto wamejaa maandishi. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, na kamati ikaamua kufunika kwa fulari: kila msichana atafunga kitambaa shingoni, kila mvulana atavaa mikono mirefu. Likabaki swali la rangi, na hilo lilichukua muda kuliko yote. Papa Anaclet aliomba neno. Watu wakamgeukia, mkewe naye akamgeukia.

Ni lazima tuseme ukweli juu ya Papa Anaclet. Alikuwa amelisoma jina lile shingoni mwa mwanawe asubuhi ya kwanza kabisa, alipompita mezani na sukari. Alikuwa amelisoma vizuri. Moyo ulimuuma, na usiku huo hakulala. Lakini alikuwa mtu wa kwaya, na maisha yake yote alikuwa amezoea kuingia pale wenzake wanapoingia. Alikohoa, akauliza kama fulari itakuwa ya bluu au nyeupe, maana nyeupe inachafuka upesi.

Wakachagua bluu. Kwa kuwa Bwana Blanchard ndiye aliyewafahamu wasichana wa mwaka wa sita kuliko walimu wengine, alipewa kazi ya kuhakikisha kila asubuhi kwamba fulari zimefungwa sawasawa. Halafu mawingu yakaonekana juu ya ziwa, mwenyekiti akapendekeza wafunge kwa sala kabla mvua haijawakuta njiani, na divers ikasogezwa hadi mkutano ujao. Sala iliongozwa na Papa Anaclet, kwa ajili ya sauti yake.

Siku zilizofuata Faida alikwenda Nyawera na Bijou kumuuliza Héritier kama kuna namna ya kulitoa jina. Héritier aliushika mkono, akaugeuzageuza kwenye mwanga kama fundi anayetazama kazi yake.

"Miye najua kuandika," alisema. "Kufuta sijue. Kufuta iko kazi ya bakubwa."

Njiani Bijou alimwambia akubali. "Acha baifute. Ukipata diplôme, utajiandika ingine kule Lubumbashi. Ata kubwa."

"Na kama banaleta na kule kamati?"

Walipanda hadi mtaa wa Muhumba, kila mmoja akilegeza fulari yake kwa sababu ya joto. Faida alijua tayari atakachofanya. Akikataa, atabaki mwaka mwingine katika shule ile, kwenye ngazi zilezile, na kila asubuhi mtu yuleyule ataikagua shingo yake. Akikubali, atapoteza sehemu pekee iliyokuwa yake, ila atakuwa amekwenda. Alilia kidogo karibu na lango la kwao, akajifuta kwa fulari, akaingia kumwambia baba yake.

Kazi ilifanyika ofisini kwa Bwana Stanislas, kwa chumvi ya mawe na jiwe la kusugulia visigino. Aliifanya mwenyewe, kwa sababu masera, mtawa anayesimamia zahanati ya shule, alisema ana mafua. Hatutasema alikuwa mkatili. Alikunja mikono yake, akatandika taulo safi, akasugua herufi moja baada ya nyingine, na kila mara aliuliza kama inauma. Faida akisema ndiyo, alijibu, "Iko karibu kuisha." Papa Anaclet alimshika bintiye bega ili asitikisike. Machozi yalimtoka yule baba kuliko yalivyomtoka mtoto. Hakuliachia bega.

Kesho yake kulikuwa na Anaclet mpya kwenye bega lile. Faida aliliona alipokuwa akivaa, akalifunika kwa shati.

Kidonda kilikauka polepole. Maman Rosette alikiosha kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na kila mara alipokiosha alisema, "Mu divers," kwa sauti ya mtu anayetema kitu, kisha akafunga kitambaa kipya. Aliwahi kurudi shuleni mara mbili kuulizia tarehe ya mkutano ujao. Mara ya kwanza alielezwa kwamba mwenyekiti yuko safarini. Mara ya pili alielezwa kwamba anamharibia mtoto wake jina.

Kigaga kilipodondoka, ngozi ilikuwa laini na ya waridi, na juu yake herufi zilikuwa zimekwisha kuinuka. Jina lilikuwa Stanislas. Lilikuwa refu kuliko lile la kwanza, kwa hiyo lilianzia karibu na kiwiko na kuishia kwenye kifundo cha mkono.

Faida alilipeleka likakaguliwe. Bwana Stanislas alivaa miwani, akalisoma mara mbili, akapitisha kidole juu ya herufi ya mwanzo. Alionekana ameguswa. Aliona ni alama ya malezi, safi, iliyowekwa na mwenye mamlaka mbele ya mzazi, na kwamba haikuwa na kasoro yoyote. Akasema sasa mtoto yuko en ordre, kila kitu sawa, akamtakia mtihani mwema na kumshauri asome sana fizikia.

Mtihani ulifanyika katika shule nyingine, ambako walikusanywa watahiniwa wa shule nyingi. Wengi wa wasichana walikuwa na vitambaa shingoni, vya bluu, vya kijani, vya zambarau, kila shule na rangi ambayo kamati yake ilichagua. Joto lilikuwa kubwa na madirisha hayakufunguka. Msimamizi alikuwa mama mmoja ambaye Faida hakuwahi kumwona, mwenye mikono mirefu iliyofungwa vifungo hadi chini. Aligawa karatasi, akapita kati ya madawati akitazama jinsi watu wanavyojaza sehemu ya juu.

Faida alifika kwenye mstari wa jina. Aliikandamiza karatasi kwa mkono wa kushoto, ambako ngozi mpya ilikuwa bado inavuta. Akaandika herufi zake tano, ndogo, zimebanana pembeni mwa mstari.

Msimamizi akasimama nyuma yake, akainama, akagonga karatasi kwa kidole.

"Andika kubwa, mama," alisema. "Hapa jina yako inapashwa kuonekana."